Je, Karanga Hunenepesha?

Labda unalisoma somo hili katika kijitabu, kwa sababu saa ya redio ilikukuta shambani, ama betri zilikuwa zimekwisha. Soma polepole, na kama pana wenzako ambao bado wanajifunza kusoma, wasomee kwa sauti. Tafadhali uwe na karanga konzi moja karibu yako, zilizokaangwa, pamoja na kipande cha karatasi nyeupe na kitu cha kutwangia. Usizile bado. Tutazitumia.

Leo nataka kuzungumza nawe juu ya karanga, korosho na jamaa zake, na juu ya uzito wa mwili. Sababu yake ni barua mbili zilizofika katika mwezi mmoja. Barua ya kwanza imeandikwa na mama mmoja ambaye mumewe aliambiwa na daktari apunguze uzito. Bwana huyo amekata shauri kuacha karanga kabisa, hata mchicha wa karanga hataki kuuona mezani, kwa kuwa amesikia kwamba karanga ni mafuta matupu. Soda yake ya saa kumi jioni hajaiacha. Barua ya pili imetoka kwa mama mwingine. Mtoto wake ana mwaka mmoja na nusu, na kila akipelekwa kliniki mizani inasoma vile vile. Jirani amemshauri amtilie mtoto karanga katika uji. Basi mama wa kwanza anauliza, je, karanga zitazidi kumnenepesha mume wangu? Na wa pili anauliza, je, karanga zitamnenepesha mwanangu? Ukitazama vizuri, hilo ni swali moja. Lakini jibu lake si moja.

Usidhani kwamba barua hizi ni za ajabu. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka 5, watoto 34 walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye miaka 15 hadi 49, wanawake 28 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa hiyo wenye kupungukiwa na wenye kuzidiwa wanaishi pamoja, pengine katika nyumba moja, na chungu cha jikoni ni kimoja.

Sasa tujue kwanza tunazungumza juu ya kitu gani. Wazee wetu waliziita karanga njugu nyasa, na wako wanaoziita hivyo mpaka leo. Kwa asili yake karanga ni ndugu ya maharage na kunde, si tunda la mti. Ilitoka Amerika ya Kusini, kama korosho ilivyotoka Brazili. Njugu mawe ni nyingine, nayo ni ya Afrika hasa. Mgeni akiziona zote tatu sokoni huziweka katika kundi moja, lakini mwili hauzipokei sawasawa. Ukichukua gramu 100 za karanga kavu, kama gramu 49 ni mafuta, na kama gramu 25 ni protini, chakula cha kujenga mwili. Korosho ina mafuta kama gramu 44 na protini kama 18. Lozi, ambazo watu wa pwani huzijua katika halua na katika pilau ya arusi, zina mafuta kama 50. Lakini njugu mawe hazifiki mafuta gramu 10. Sehemu yake kubwa ni wanga, kama maharage. Ndiyo maana sahani ya njugu mawe zilizochemshwa ni chakula cha mchana, lakini sahani nzima ya karanga ni jambo jingine.

Kwamba karanga ni mafuta, historia yetu yenyewe inashuhudia. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa kulima karanga Kongwa, kisha na Nachingwea na Urambo. Haikuwa kwa sababu Waingereza walipenda kutafuna karanga. Baada ya vita nchi yao ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, nao walizitaka karanga wazikamue. Ardhi ya Kongwa na mvua yake haba viliushinda mradi ule, nao ukaachwa mwaka 1951.

Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori, kama kitambaa kinavyopimwa kwa mita na maziwa kwa lita. Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, na protini vile vile 4. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Basi konzi moja ya karanga, kama gramu 28, ambayo ndiyo wakia moja ya zamani, ina kalori kama 160. Chupa ya soda ya mililita 350 ina kalori kama 145. Kikombe kizima cha karanga kina zaidi ya kalori 800, na hiyo ni kama theluthi moja ya chakula cha siku nzima cha mtu mzima asiyefanya kazi nzito.

Kwa hesabu hiyo utasema bwana wa barua ya kwanza ana haki. Hata mimi, kama ningesimamia hapo, ningemwambia aendelee kuzikimbia. Lakini mwili wa mtu si daftari la duka. Unayoyaandika kwenye karatasi na yanayotokea tumboni si lazima yalingane, na kwa karanga hayalingani.

Mwaka 2002 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, huko Marekani, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwapa watu karanga kila siku kwa majuma 8, zenye kalori kama 500, na hawakuwaambia wapunguze chakula kingine chochote. Kwa hesabu ya karatasi, watu wale walitazamiwa kuongezeka kilo 3 na nusu hivi. Walipopandishwa mizani, walikuwa wameongezeka kilo 1 tu.

Zile nyingine zilikwenda wapi? Sehemu kubwa ilikwenda katika shibe. Mtu aliyekula karanga saa nne hakuwa na njaa kali ilipofika saa saba, akapunguza chakula bila kuambiwa na bila kujua kwamba amepunguza. Karanga zina protini, zina mafuta, zina na nyuzinyuzi, na vyote hivyo hukaa tumboni muda mrefu. Soda haifanyi hivyo. Soda hupita kama maji, na saa saba mtu anakula kama ambaye hakunywa kitu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kalori 160 za karanga na kalori 145 za soda, ijapokuwa kwenye karatasi zinakaribiana.

Lakini iko sehemu nyingine ambayo haikuingia mwilini hata kidogo. Hapo ndipo tunapozihitaji zile karanga zako.

Chukua karanga moja nzima uiviringishe juu ya karatasi nyeupe. Utaona labda alama hafifu ya mafuta, labda usione kitu. Sasa chukua karanga nyingine uitwange vizuri mpaka iwe laini, uipake juu ya karatasi hiyo hiyo. Karatasi imelowa, na ukiiinua juu, mwanga unapenya. Karanga hizi mbili ni za mfuko mmoja na zina mafuta sawa. Ya kwanza imeyafungia ndani. Ya pili umeyafungua wewe.

Karanga imejengwa kwa vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu. Wataalamu huviita seli. Katika kila chumba yamo matone ya mafuta, na kuta za vyumba hivyo ni za nyuzinyuzi ambazo tumbo la binadamu haliwezi kuziyeyusha. Meno huvunja vyumba vingine na kuviacha vingine. Vile vilivyobaki na kuta zake hupita tumboni na kwenye utumbo, na mwisho, kwa heshima yenu, hutoka kwa choo kikubwa na mafuta yake ndani. Ukitaka kuhakikisha, tafuna karanga moja mara tano tu, kisha iteme kiganjani uitazame. Ni vipande vipande. Kila kipande ni nyumba yenye vyumba maelfu ambavyo havijafunguliwa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1980 huko Marekani watu walilishwa karanga nzima kwa siku kadha, kisha siagi ya karanga, kisha mafuta ya karanga yaliyokwisha kukamuliwa, na choo chao kikapimwa kila mara. Walipokula mafuta yaliyokamuliwa, hazikufika sehemu 5 katika 100 za mafuta zilizotoka chooni. Kwa siagi ya karanga zilitoka sehemu 7. Kwa karanga nzima zilitoka karibu sehemu 18.

Mwaka 2012 wachunguzi wa serikali ya Marekani walioko Beltsville, katika jimbo la Maryland, walifanya kazi kama hiyo kwa lozi. Vitabu vilisema konzi ya gramu 28 ina kalori kama 170. Mwili ulipata 129 tu. Walipozipima korosho, vitabu vilisema 163 na mwili ukapata 137. Ile hesabu ya 9 na 4 niliyokupa imetokana na kazi ya Mmarekani aitwaye Wilbur Atwater, mwishoni mwa karne ya 19, na ni hesabu nzuri kwa vyakula vingi. Kwa njugu nzima inazidisha. Mwaka 2016 wachunguzi wa Beltsville walirudi tena kwa lozi, safari hii wakazipima nzima, zilizokatwakatwa, na zilizosagwa kuwa siagi. Ile siagi ilitoa kalori zote kama vitabu vilivyosema. Jiwe la kusagia lilikuwa limefanya kazi ambayo meno hayakuifanya.

Hapa naomba usimame kidogo. Elimu ya watu wazima si kumeza kila linalosemwa na mtaalamu. Uchunguzi ule wa lozi wa mwaka 2012 ulilipiwa kwa sehemu na bodi ya lozi ya California. Hilo halifanyi vipimo kuwa vya uongo, kwa sababu choo hakijui nani amelipa. Lakini wewe msomaji una haki ya kuuliza daima ni nani aliyegharimia. Kwa bahati uchunguzi mwingine umeelekea upande ule ule. Mwaka 2011 wachunguzi wa Harvard waliandika habari za Wamarekani zaidi ya 120,000 waliofuatwa kwa miaka mingi. Kila miaka minne watu hao waliongezeka uzito, kama watu wazima wengi wanavyoongezeka. Waliozidisha kula krispi za viazi waliongezeka zaidi, kama robo tatu ya kilo kwa kila kipimo cha siku walichozidisha. Waliozidisha njugu za namna mbalimbali waliongezeka pungufu, kama robo kilo chini ya wenzao. Si kitu kikubwa. Tena mtu anayependa njugu kuliko krispi pengine pia hutembea zaidi na havuti sigara. Wachunguzi hujaribu kuyaondoa hayo katika hesabu, lakini hawawezi kuyaondoa yote. Kwa hiyo usiondoke hapa ukisema karanga hupunguza unene. Ninalosema ni dogo kuliko hilo: konzi moja ya karanga nzima, ikiliwa mahali pa kitu kingine, haimnenepeshi mtu kama wengi wanavyoogopa.

Maneno ya kushika hapo ni mawili: nzima, na mahali pa kitu kingine.

Mzee mmoja katika darasa la jioni aliniambia, "Mwalimu, sisi tumekula karanga tangu utoto, na kijijini kwetu hapakuwa na mtu mwenye kitambi ila karani. Imekuwaje leo karanga ziwe adui?" Darasa lilicheka, maana siku zile kitambi kilisomwa kama mshahara. Lakini swali lake lilikuwa zuri. Nikamwuliza walizila vipi. Akasema walizing'oa, wakazichemsha na maganda yake, kisha wakakaa jioni wakimenya moja moja huku wakizungumza. Walimenya kwa vidole, kwa hiyo walikula polepole. Walikuwa wametoka kulima kutwa. Wala hazikuliwa juu ya chakula. Mara nyingi ndizo zilizokuwa chakula chenyewe mpaka ugali uive.

Leo karanga huuzwa zikiwa zimemenywa, zimekaangwa na kutiwa chumvi, katika kifuko. Mtu huzila ndani ya basi, au mbele ya televisheni, mkono ukienda na kurudi bila kuhesabiwa. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, nao hawakuwa wameziona karanga za chumvi. Chumvi yenyewe huita soda, na kwa mtu mwenye maradhi ya shinikizo la damu chumvi hiyo ni hatari kuliko mafuta ya karanga. Kisha yuko ndugu yake, kashata, ambamo karanga zimezungukwa na sukari. Kashata ni tamu na mimi mwenyewe naipenda, lakini usiihesabu pamoja na karanga. Ihesabu pamoja na peremende.

Basi bwana wa barua ya kwanza afanye nini? Kwanza aiache soda, maana hiyo haimshibishi wala haimjengi. Saa kumi, mahali pa soda, ale konzi moja ya karanga zilizochemshwa au zilizokaangwa bila mafuta na bila chumvi nyingi, anywe na maji. Azitie katika kisahani, mfuko ubaki kabatini. Mchicha wa karanga arudi kuula, ila mama wa nyumbani ajue kwamba karanga zilizotwangwa zimekwisha kufunguliwa vyumba vyake; mafuta yake yote yataingia mwilini. Kwa hiyo hakuna haja ya kuukaanga mchicha kwa mafuta ya chupa kwanza, kisha kuutia karanga, kisha na tui la nazi. Nimekula mboga ya namna hiyo kwenye arusi na ilikuwa tamu kweli kweli, lakini hayo ni mafuta matatu katika sufuria moja. Achague moja. Na ugali upungue kidogo, kwa kuwa mboga imezidi nguvu. Hilo la ugali ndilo gumu kuliko yote. Mume na mke walizungumze kabla sahani haijafika mezani. Yaliyobaki, dawa na kipimo cha uzito wake, ayafuate kwa daktari wake. Mimi kazi yangu ni elimu, si uganga.

Sasa tumgeukie mama wa pili, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa mtu mzima anaweza kungoja lakini mtoto hangoji.

Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni dogo. Uji mwepesi wa mahindi hulijaza upesi, na sehemu kubwa ya uji huo ni maji. Tuseme bakuli lake dogo limepikwa kwa unga gramu 25. Hapo zimo kalori kama 90 tu. Mtoto ameshiba, amegeuza uso, na mama anaona amekula vizuri. Lakini alichopata hakitoshi kumkuza. Ukimlazimisha bakuli la pili, atatapika.

Chukua kijiko kikubwa kimoja cha karanga zilizosagwa laini sana, ukikoroge katika uji huo huo. Umeongeza kalori kama 95. Bakuli ni lile lile, tumbo ni lile lile, lakini nguvu imekuwa mara mbili, na protini imezidi. Unaona sasa kwamba kile tulichomwonya bwana mnene ndicho tunachokitafuta kwa mtoto: vyumba vyote vifunguliwe, mafuta yote yaingie, tena juu ya chakula chake cha kila siku, si mahali pake.

Jambo hili ndilo lililoleta dawa inayookoa watoto duniani leo. Zamani mtoto aliyekondeana sana kwa njaa alilazwa hospitali akapewa maziwa maalumu ya unga, yaliyokorogwa kwa maji. Palipokuwa hapana maji safi, maziwa yaligeuka kuwa njia ya kuhara. Na mama alilazimika kukaa hospitali majuma mengi huku amewaacha wengine nyumbani. Mwaka 1996 Mfaransa André Briend, daktari wa watoto, pamoja na Michel Lescanne wa kiwanda cha Nutriset, walitengeneza chakula cha karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Walikiita Plumpy'Nut. Kifuko kimoja cha gramu 92 kina kalori 500. Hakihitaji maji wala moto. Mtoto hukinyonya kifukoni. Kwa kuwa hakina maji, vijidudu havistawi ndani yake. Kuanzia mwaka 2001 daktari Mmarekani Mark Manary aliwatibu watoto wa Malawi majumbani kwao kwa chakula cha namna hiyo, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalikubali kwamba watoto wengi wenye utapiamlo mkali waweza kutibiwa nyumbani. Katika kliniki zetu utasikia kikiitwa chakula dawa.

Kwa sababu ni dawa, usikinunue mtaani, na usikile wewe mtu mzima kwa kuwa ni kitamu. Kila kifuko kimehesabiwa kwa uzito wa mtoto fulani. Na uji wa karanga wa nyumbani, ijapokuwa ni mzuri, hauwezi kuchukua nafasi yake. Mhudumu wa afya ana utepe wa kupimia mkono wa mtoto aliye kati ya miezi 6 na miaka 5. Ukisoma chini ya sentimita 11 na nusu, yaani kwenye rangi nyekundu, mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Vile vile kama miguu yote miwili imevimba, hata kama uso wake umejaa na watu wanakuambia amenenepa. Huo si unene. Ni maji, na ni hatari.

Mama wa barua ya pili asema mtoto anacheza na anakula, ila haongezeki. Basi aulize kliniki kwanza kama kuna malaria, minyoo au kuhara kunakomrudisha nyuma, kisha aanze na kijiko kidogo cha karanga zilizosagwa katika uji. Nasema kidogo kwa siku za kwanza, kwa sababu wapo watoto wachache ambao miili yao huzikataa karanga: midomo huvimba, ngozi hutoka vipele, pumzi hubana. Likitokea hilo, aache na kumpeleka hospitali mara moja. Lisipotokea, aongeze mpaka kijiko kikubwa. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili au zaidi, na mayai, dagaa, maharage na mboga viendelee kadiri nyumba inavyoweza, kwa kuwa karanga peke yake haijengi mtoto.

Usimpe mtoto wa chini ya miaka 5 karanga nzima. Hukwama kooni au huingia katika njia ya pumzi, na mtoto anaweza kufa mikononi mwako ukiwa unatafuta gari. Asagiwe.

Watu wengi siku hizi husaga mahindi, ulezi, soya na karanga pamoja, wakauweka unga huo miezi miwili. Sioni kwamba ni desturi nzuri. Karanga zikisagwa, mafuta yake hukutana na hewa, na unga hupata harufu mbaya. Afadhali unga uwe mbali, karanga zisagwe kidogo kidogo za juma moja, zifunikwe, zitiwe katika uji wakati wa kupika.

Na kabla ya kusaga, zichague juani. Iliyonyauka, iliyobadilika rangi, yenye ukungu wa kijani au manjano, au iliyo chungu mdomoni, itupwe. Usimpe hata kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa sababu ya chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye ukungu, na hapo ndipo sumu iitwayo aflatoksini ilipogunduliwa. Sumu hiyo haitoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Hudhuru ini. Mwuza duka asiye mwaminifu huzisaga karanga mbovu kwanza, maana zikisagwa huwezi kuziona. Nunua nzima, usage mwenyewe.

Labda utaniuliza juu ya korosho: je, si bora zaidi? Kwa mtu wa Mtwara au Lindi ambaye anazo shambani, ni nzuri. Kwa mwingine, bei yake ni ya juu mno kwa faida ambayo karanga humpa vile vile. Kilo ya korosho humpunguzia mtu uzito wa mfuko kuliko wa mwili.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mmoja wa kikundi achote konzi yake ya karanga, kwa mkono wake mwenyewe, na azihesabu. Kisha mzipime dukani kwa mizani, mwone nani amefika gramu 28 na nani amezidi. Mikono ya wavuvi na ya waashi itawashangaza. Andikeni katika daftari, siku tatu mfululizo, karanga ziliingia wapi katika nyumba yenu: zilizotafunwa, zilizotwangwa katika mboga, zilizotiwa katika uji, na kashata. Mbele ya kila moja andikeni ni nani aliyezila, na zilichukua mahali pa nini. Wenye watoto wa chini ya miaka 5 waje na kadi za kliniki. Somo lijalo tutajifunza kuusoma ule mstari wa uzito uliochorwa ndani yake.